Binti wa Kiwanja na fomu ya mawakili wa London

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mwishoni mwa mwezi wa 11 mwaka 2022, kambini Kanyaruchinya, mama mmoja mkimbizi kutoka Kiwanja alipanga mstari ili achaji simu yake. Alilipa faranga chache, akaketi juu ya mawe ya volkeno, akangoja. Simu ilipowaka, jumbe nne za sauti ziliingia kwa mfululizo. Zote zilitoka Uingereza, kwa mtoto wa mdogo wake, binti wa miaka 19 anayesoma sheria kwenye chuo kikuu.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa salamu. Wa pili uliuliza kama wamepata chakula. Wa tatu ulikuwa kimya tupu, kama vile binti alibonyeza kisha akakosa neno. Wa nne ndio uliobeba swali: "Mama mkubwa, ninaomba ruhusa. Naweza kuandika habari ya kaka?"

Zilikuwa zimebaki siku tisa fomu ifungwe.

Familia hii imeomba majina yake yasitajwe. Lakini imekubali habari isimuliwe, kwa sababu, mama mkubwa anavyosema, watu wengi kambini wanadhani aliyefika Ulaya amemaliza kujaza makaratasi. Kumbe ndiyo kwanza anaanza.

Kutoka Ishasha hadi kaskazini ya Uingereza

Vita vya CNDP vilipofika Rutshuru na Kiwanja, kati ya mwisho wa mwezi wa 10 na mwanzo wa mwezi wa 11 mwaka 2008, binti huyu alikuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Dada wawili, yaani mama mkubwa na mama wa binti, waliondoka usiku pamoja na watoto, wakaelekea mpaka wa Ishasha.

Mama mkubwa alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, wa miaka tisa. Ndiye aliyembeba binti mgongoni kila mara mama alipochoka. Kabla ya alfajiri, risasi zilisikika nyuma, watu wakakimbilia kila upande. Kulipopambazuka, binti alikuwa mikononi mwa mwanamke asiyemjua, ambaye alimrudisha kwa mama yake. Kijana hakuonekana. Hakuonekana siku ile, wala wiki ile, wala hadi leo.

Mama wa binti alivuka na watoto wake hadi Uganda, wakapelekwa kambi ya Nakivale. Mama mkubwa alikataa kuvuka. Alirudi nyuma kutafuta mtoto, akaishia kubaki Kiwanja.

Nakivale walikaa miaka sita. Mwalimu aliuza nyanya na sabuni za vipande. Mwaka 2014 jina lao lilitoka kwenye orodha ya programu ya Uingereza iliyoitwa Gateway, ambayo ilianza mwaka 2004 na kufungwa mwaka 2020, na ambayo kwa kushirikiana na HCR ilipokea karibu watu 10,000 kutoka nchi mbalimbali. Walipelekwa mji mmoja wa kaskazini. Binti alikuwa na miaka 11. Alijua Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza cha kambini.

Kama ilivyo kwa watoto wengi wa wakimbizi, ndani ya mwaka mmoja alikuwa mkalimani wa nyumba. Alienda na mama hospitalini, alizungumza na mwenye nyumba kuhusu mashine ya joto iliyoharibika, alisoma barua zilizoanguka mlangoni. Siku moja, akiwa na miaka 13, ilikuja barua ikisema familia imelipwa msaada wa kodi kupita kiasi na inapaswa kurudisha pesa. Mama alilia, akaanza kuhesabu ni miezi mingapi watakula mara moja kwa siku. Binti aligeuza karatasi akasoma maandishi madogo ya upande wa nyuma: asiyekubali uamuzi huu ana mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya.

Siku ya barua ilikuwa imepita wiki tatu. Aliandika barua usiku ule ule kwa kalamu, akaambatanisha nakala za karatasi za mshahara wa mama. Baada ya majuma kadhaa jibu lilikuja kwamba hesabu ilikosewa na deni limefutwa.

"Siku hiyo nilielewa kwamba barua si radi," binti anasema. "Barua imeandikwa na mtu, na mtu anaweza kujibiwa."

Kwa nini kuna mlango wa pembeni

Nchini Kongo, aliyepata leseni ya sheria anajua njia iliyo mbele yake: kuingia baro kama stajiere, kukaa miaka miwili chini ya avoka mwenye uzoefu, mara nyingi bila mshahara wa kueleweka. Vijana wengi waliosoma Goma na Bukavu wameachia hapo, si kwa sababu ya akili bali kwa sababu ya nauli, ada na viatu.

Uingereza njia ni tofauti, lakini jiwe linaloangusha watu ni lile lile. Anayetaka kuwa wakili wa aina inayoitwa solisita katika Uingereza na Wales anapaswa kuwa na shahada au sifa inayolingana nayo, kufaulu mtihani wa taifa ulioanza mwaka 2021, na kufanya kazi ya sheria kwa miaka miwili. Sehemu ya kwanza ya mtihani pekee ina maswali 360. Ada ya sehemu zote mbili ilikuwa karibu paundi 4,000 wakati ulipoanza, na tangu hapo imepanda. Hiyo ni ada ya kukalia kiti cha mtihani tu. Masomo ya kujitayarisha yanalipiwa kando. Na kabla ya hapo kuna chuo kikuu chenyewe, ambacho wakati wa binti huyu kilitoza hadi paundi 9,250 kwa mwaka. Serikali humkopesha mwanafunzi, naye hulipa baadaye akianza kupata mshahara wa kutosha.

Ofisi kubwa za mawakili hulipia mtihani na masomo ya wale ziliowachagua. Lakini huchagua mapema, mara nyingi miaka miwili kabla ya kazi kuanza, na hupenda kuchagua waliokwisha kupita ofisini kwao kwa wiki moja au mbili za majaribio. Mtoto ambaye mjomba wake ni wakili anajua jambo hilo akiwa na miaka 16. Mtoto ambaye mama yake anafagia ofisi hulijua baada ya tarehe kupita. Katika Uingereza, wanaosoma shule binafsi za kulipia ni karibu asilimia 7 tu ya wanafunzi, lakini ndani ya ofisi kubwa za sheria wanapatikana kwa wingi kuliko kipimo hicho.

Ndiyo maana programu za kufungua mlango zilianzishwa. Chama cha mawakili, Law Society, kimekuwa na mpango wa kulipia masomo ya watu wasio na uwezo tangu mwaka 2004. Mwaka 2013 kampuni ya Freshfields ilianzisha ufadhili unaobeba jina la Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyeuawa na wazungu wabaguzi mjini London mwezi wa 4 mwaka 1993. Leo ofisi nyingi zina programu za namna hiyo: wiki moja ofisini, nauli na malazi yakilipwa, wakili mmoja wa kukushauri, na nafasi ya kuonekana na wanaoajiri.

Binti aliomba kwenye ofisi mbili. Fomu zilifanana, na ndani yake kulikuwa na maswali matatu yaliyoisumbua nyumba nzima.

Swali la kabila

La kwanza lilikuwa la asili. Binti alikuwa akisoma kwa sauti, mezani, huku mama akichambua sombe ya kugandishwa. Alipofika kwenye neno hilo na kulitafsiri, mama aliweka kisu chini.

"Kabila? Mawakili wanatafuta kabila ya nini?"

Kwa mtu wa Rutshuru, hilo si swali la karatasini. Ni swali linaloulizwa kwenye barriere, usiku, na mtu mwenye silaha, na jibu lake linaweza kuwa la mwisho. Mama alitaka fomu ifungwe pale pale.

Binti alimuonyesha. Katika orodha ile hakukuwa na Mnande, wala Mhutu, wala Mtutsi, wala Mhunde. Kulikuwa na mweusi Mwafrika, mweusi wa visiwa vya Karibi, Mhindi, mzungu na wengine. Chini yake palikuwa na kisanduku cha "Sipendi kusema". Na maelezo yalisema majibu hayo yanawekwa kando, wanaosoma maombi hawayaoni.

Mama alifikiri kwa muda. Halafu akasema neno ambalo binti aliliandika kwenye daftari lake: "Watu huhesabiwa kwa sababu mbili, kuwapa ama kuwaondoa. Uwe na hakika ni ipi."

Basi binti akafanya kile ambacho hakuwa amefikiria kufanya. Aliandikia ofisi zote mbili akiuliza ni nani ataona jibu hilo, litatunzwa muda gani, na kwa kazi gani. Sheria ya nchi ile inampa kila mtu haki ya kujua hivyo. Ofisi moja ilijibu kesho yake, kwa jina la mtu na kwa maelezo kamili. Nyingine ilituma ujumbe wa mashine. Katika ya kwanza alijaza. Katika ya pili aliweka alama kwenye "Sipendi kusema", na mama akarudia sombe yake.

Swali la kazi ya mzazi

La pili lilionekana jepesi. Ulipokuwa na miaka 14, mtu aliyeleta kipato kikubwa nyumbani alikuwa akifanya kazi gani?

"Mwalimu," alisema mama.

"Mama, nikiwa na miaka 14 tulikuwa hapa."

Nyumba ikawa kimya. Binti alipokuwa na miaka 14, mama alikuwa akiamka saa tisa na nusu usiku kwenda kufagia ofisi kabla wenye ofisi hawajafika, kisha jioni anaosha vyoo vya shule. Jibu sahihi lilikuwa moja: msafishaji. Na jibu hilo ndilo lililomsaidia mtoto, kwa sababu programu inatafuta watu wa nyumba kama hizo.

"Miaka 11 nilisimama mbele ya ubao pale Kiwanja," mama alisema. "Kuna madaktari leo walijifunza kusoma kwangu. Sasa kazi hiyo haipo? Ilichomwa na nyumba?"

Binti hakuwa na jibu. Alikuwa amefurahi kidogo, moyoni, kwamba umaskini wao kwa mara ya kwanza ungehesabiwa upande wa faida. Alipomwangalia mama alijisikia vibaya. Alijua pia kwamba kusema uongo hakuwezekani. Anayetaka kuwa wakili na kuanza kwa kudanganya kwenye fomu amejifungia mlango mwenyewe.

Aliandika "msafishaji". Lakini mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya mambo mengine ambayo mwombaji angependa yajulikane. Hapo aliandika kwamba kabla ya vita mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 11 wilayani Rutshuru, na kwamba yeye mwenyewe alijifunza kuandika kwa mama huyo, kwa kijiti, juu ya udongo wa Nakivale. Mama aliomba sentensi hiyo isomwe mara mbili. Halafu akasahihisha: haikuwa kijiti, ilikuwa makaa.

Yapo mengine ya karatasi yanayofaa kujulikana na familia zilizo njiani. Alama za mtihani wa binti hazikuwa za juu kabisa. Lakini ofisi nyingi siku hizi hutumia mfumo unaolinganisha alama za mwanafunzi na za wenzake wa shule ile ile. Aliyepata alama ya kati katika shule ambamo wengi wanaanguka, huhesabiwa kuwa amefanya zaidi. Mfumo huo huuliza pia kama mwombaji aliwahi kuwa mkimbizi. Mama alikuwa bado na mfuko wa plastiki aliotoka nao Kiwanja: kadi za chanjo, buletini moja ya shule, na kadi ya uandikishwaji ya kambi. Mfuko huo ulivuka Ishasha ukiwa umefungwa tumboni chini ya kitenge. Ofisi ilipotaka uthibitisho, haukutafutwa mahali pengine.

Swali la tatu

Swali la tatu lilisema: tueleze kikwazo ulichokutana nacho na namna ulivyokikabili, kwa maneno yasiyozidi 300.

Binti aliandika kwa saa moja bila kusimama. Aliandika usiku wa barabara ya Ishasha, mgongo wa kaka yake, risasi, mikono ya mwanamke asiyemjua. Aliandika kwamba kaka alikufa ili yeye aishi, na kwamba atakuwa wakili kwa ajili yake. Rafiki wa chuo aliisoma akatokwa na machozi. Akamwambia: kwa hii, watakuchukua.

Alipoitafsiri kwa mama, mama hakulia. Aliuliza: "Mwenyewe umemuuliza?"

Mwenyewe alikuwa mama mkubwa. Na mama mkubwa, siku hizo, hakujulikana alipo. Waasi wa M23, ambao tangu mwezi wa 6 walikuwa wameshika Bunagana, waliingia Rutshuru na Kiwanja tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2022. Maelfu kwa maelfu walishuka kwa miguu kuelekea Goma. Ilichukua zaidi ya wiki mbili kabla jirani mmoja hajatuma ujumbe kwamba amemwona Kanyaruchinya, mzima, amelala chini ya shitingi kando ya barabara.

Ndipo zile jumbe nne zilipotumwa. Siku ya kwanza hakuna jibu. Ya pili, ya tatu. Binti alikuwa na maandishi yaliyokamilika mbele yake, na kidole juu ya kitufe cha kutuma. Anakiri kwamba usiku wa nne alijiambia kuwa mama mkubwa hatajua kamwe. Hajui Kiingereza, na London ni mbali. Anakiri pia kwamba jambo lililomzuia si wema. Ni kwamba alijua kuwa kama angechaguliwa kwa habari ile, angeombwa kuisimulia tena, mbele ya watu, kila mwaka.

Siku ya sita jibu lilikuja. Lilikuwa la dakika mbili, na nyuma ya sauti ilisikika mvua ikipiga shitingi.

"Mwanangu, ule mutoto sikumuzika. Kila kijana mwenye kupita na miaka yake, namuangalia uso. Usimuandike sawa mutu aliyekufa ili upate kazi. Andika ile ulifanya wewe, usiandike ile ilitupata sisi wote. Na kama unataka kumuandika, umuandike siku utakuwa na nguvu ya kumutafuta."

Mama na binti walisikiliza wakiwa wamesimama jikoni. Hawakuisikiliza mara ya pili.

Usiku huo binti alifuta maneno yote 300. Mahali pake aliandika habari ya barua ya deni: namna mtoto wa miaka 13 alivyogeuza karatasi, tarehe alizohesabu, nakala alizoambatanisha, sentensi aliyoandika na kufuta mara tano kwa sababu ilikuwa na hasira. Aliandika kwamba tangu hapo majirani watano wamekuja na barua zao, na kwamba kwa wawili alishindwa, akaeleza kwa nini. Haikuwa habari ya kuliza mtu. Rafiki yake wa chuo alisema ile ya kwanza ilikuwa bora.

Alituma siku mbili kabla ya mwisho.

Majibu

Ofisi iliyokuwa imejibu kwa mashine ilimkataa kwa mistari mitatu. Nyingine ilimwita kwenye mahojiano ya video mwezi wa 1 mwaka 2023. Mawakili wawili, mmoja mzee mmoja kijana, walimuuliza habari ya barua ya deni tu, kwa dakika 20. Mzee aliuliza: na kama ule mwezi mmoja ungekuwa umekwisha kupita?

Alijua jibu, kwa sababu lilimpata mmoja wa wale majirani: unaweza kuomba ukiwa umechelewa, ukieleza sababu nzuri ya kuchelewa, lakini si baada ya miezi 13. Jirani yule alikuja mwezi wa 15. Ndiyo moja ya mbili alizoshindwa.

Alichukuliwa. Mwezi wa 4 alikaa London wiki moja, katika jumba la vioo ambalo, anasema, jambo la kwanza aliloona ni gari la vifaa vya usafi lililoachwa karibu na lifti. Alisalimia mwenye gari kabla ya kusalimia wengine.

Aliporudi, alimpigia mama mkubwa. Simu ilikuwa na mtandao siku hiyo.

"Ile ofisi inafanya kazi gani?"

"Inasaidia makampuni kununua makampuni mengine, mama mkubwa."

Kimya kidogo. "Na mutu mwenye kunyanganywa shamba, anaenda wapi?"

Binti alicheka, lakini swali hilo halijamtoka. Ofisi kubwa ndizo zenye pesa za kulipia mtihani. Ofisi ndogo ndizo zenye watu wa barua za deni. Yeye alitaka moja imsaidie kufikia nyingine, na hajui bado kama njia hiyo inapitika au kama mtu hupotea katikati.

Habari haijaisha vizuri kama watu wanavyopenda. Mwaka 2024 alimaliza shahada. Mkataba wa mafunzo katika ofisi kubwa hajaupata. Mara mbili alifika hatua ya mwisho akaambiwa ajaribu tena. Kwa sasa anafanya kazi katika ofisi ya ushauri mjini kwao, akiandika maombi ya watu chini ya usimamizi wa solisita. Kwa utaratibu mpya, kazi ya namna hiyo inaweza kuhesabiwa katika ile miaka miwili inayotakiwa, na mtu anaruhusiwa kuikusanya katika ofisi hadi nne. Kwa hiyo siku hazipotei. Pesa ya mtihani anaiweka kidogo kidogo, na yule wakili mzee wa mahojiano bado humwandikia.

Fomu nyingine

Mwezi wa 2 mwaka 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi zilizouzunguka mji zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mama mkubwa alikunja shitingi yake akarudi Kiwanja. Nyumba aliikuta imesimama, bila mlango wala bati la jikoni.

Wiki chache baadaye binti alimpigia, akamwambia kwamba kuna fomu nyingine anajaza, na kwamba safari hii lazima wajaze pamoja. Ni fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa vita. Huduma hiyo haina malipo, na inafanya kazi katika nchi nyingi, Kongo na Uganda zikiwemo. Mama mkubwa alikuwa amewahi kuandikisha jina la mtoto zamani, mwaka 2009, lakini tangu hapo amebadilisha simu mara nyingi na amekimbia zaidi ya mara moja. Hata kama kungekuwa na jibu, lisingempata. Sasa faili litakuwa na anwani isiyohama.

Walikaa kwenye simu saa nzima. Jina. Jina la baba. Jina la utani. Alama ya mwili: kovu juu ya jicho la kushoto, la kuanguka kwenye mwembe. Lugha anazozungumza. Mahali alipoonekana mara ya mwisho. Alikuwa amevaa nini. Mama mkubwa alijibu kila swali bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa ameyashika yote mkononi kwa miaka 16 akingoja mtu aulize.

Kulikuwa na swali la umri. Binti aliandika 9, akafuta, akahesabu, akaandika 25.

"Soma tena," alisema mama mkubwa.

Binti akasoma tena, kwa Kiswahili, polepole. Ana miaka 25. Anazungumza Kiswahili na Kinyarwanda. Ana kovu juu ya jicho la kushoto.

"Ndiyo," alisema mama mkubwa. "Huyo ndiye. Sasa tuma."